Kata Mpaka Ufike Mbao Nzima

Katika mialo ya Geita, mashua iliyovunjika haikai na umbo lake muda mrefu. Ikishavutwa mchangani na mwenyewe akakata tamaa, kwanza huondoka makasia na kamba, halafu misumari iliyo rahisi kung'oka, halafu mbao za juu, ambazo huishia chini ya chanja za kubanikia samaki. Nimeona vyombo vya mvule vyenye mkuku, uti wa mgongo wa chombo, mzima kabisa vikiishia motoni. Hilo linaniuma, maana mvule ule ulikua kwa miaka mingi kuliko umri wa aliyeuchoma, na mara nyingi kilichokufa katika chombo ni sehemu ndogo tu.

Mimi ni seremala, mzaliwa wa upande wa Shinyanga. Mkono wangu ulizoea kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa na Nyarugusu, nikifunga matimba, yaani magogo ya kuegemeza, ndani ya maduara, mashimo ya kuchimbia, ili kuta zisiwaangukie wachimbaji. Baadaye nilishuka Ziwa Victoria. Leo naishi ndani ya mashua ya tanga ya mita nane niliyoinunua ikiwa imepasuka ubavu. Ndiyo nyumba yangu na ndiyo karakana yangu: nazunguka nayo Nkome, Izumacheli, Kome na Maisome nikitengeneza vyombo vya wavuvi. Fundi wa namna yangu akipanga chumba kila kisiwa, kodi itammaliza. Akilala chomboni, zana na kitanda husafiri pamoja naye.

Vijana wananiuliza kila mara kama nao wanaweza kununua chombo kilichoharibika wakakigeuza makazi. Wanaweza. Ila kazi yenyewe haianzi pale wanapodhani, kwenye msumari na mbao mpya. Inaanza kwa kukata.

Mashua iliyokatwa katikati

Fundi ninayemtaja kila ninapofundisha jambo hili alifanya kazi kwenye ziwa hili hili karne na nusu iliyopita. Alexander Mackay alikuwa mhandisi kutoka Scotland, aliyetumwa na Church Missionary Society. Mwezi Juni 1878 alifika Kagei, kijiji cha ufukweni si mbali na Mwanza ya leo, akaikuta Daisy, mashua ya misheni iliyokuwa imebebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani. Ilikuwa imevutwa nchi kavu na hali yake ilikuwa mbaya. Akaitengeneza, na mwezi Agosti yeye na mwenzake, Kasisi Wilson, wakatweka tanga kuelekea Buganda.

Hawakufika. Dhoruba iliwatupa kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa, mahali alipopaita Makongo, na mawimbi yakaipasua Daisy vibaya. Hapakuwa na msumeno wa mashine wala duka la mbao. Mackay aliandika kwamba walikata futi 8 za katikati ya mashua, wakaleta omo na tezi, mbele na nyuma ya chombo, zikakutana, kisha mbao za kile kipande kilichotolewa wakazitumia kuziba majeraha ya pande mbili zilizobaki. Kazi ilichukua wiki 8. Mwezi Novemba 1878 walikuwa wamefika Buganda, kwa mashua fupi kuliko ile waliyoondoka nayo.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mtu mwingine angeng'ang'ania urefu wa Daisy, akapachika viraka juu ya mbao zilizopasuka, na wimbi la kwanza lingemzamisha. Mackay alihesabu mbao nzima alizokuwa nazo, akakubali kwamba zinatosha mashua fupi, akaijenga hiyo. Mwisho wa maisha yake alihamia Usambiro, kusini mwa ghuba ambayo leo inavukwa na Daraja la JP Magufuli, na huko alifariki Februari 1890. Mashua nyingine ya misheni, Eleanor, ilipopasuliwa na kiboko mwaka 1888, vijana watano walizama, nayo ikazibwa na kuendelea na safari hadi huku kusini. Kutengeneza chombo kilichoumia kumekuwapo kwenye ziwa hili tangu zamani, na kwa sababu zile zile: mbao ni ghali, mwambao ni mrefu, na safari haingoji.

Maji matamu yanavyoozesha

Anayetoka pwani akija huku huleta hofu ya pwani. Kule adui mkubwa wa chombo ni mnyoo wa baharini anayetoboa mbao zilizo chini ya maji, ndiyo maana majahazi hupandishwa na kupakwa shahamu mara kwa mara. Ziwa Victoria halina mnyoo huyo. Lina kiluwiluwi wa mdudu ambaye wanasayansi wanamwita Povilla adusta. Huchimba vijishimo ndani ya mbao zilizozama, akatandika kuta zake kwa utando laini wa hariri, akaishi humo mpaka siku ya kutoka. Wadudu waliokomaa huruka kwa wingi usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu. Ukikuta mbao ya chini ina vitundu vyenye kuta laini, ndiye huyo.

Lakini adui aliye mkubwa kuliko yeye ni mvua. Chumvi ya bahari huzuia kidogo kuoza, ila maji ya mvua hayana chumvi, na ukungu unaoozesha mbao unataka vitu viwili kwa pamoja: unyevu na hewa. Mbao iliyo chini ya maji siku zote haina hewa ya kutosha, hivyo huoza polepole. Mbao kavu haina unyevu. Inayokufa ni ile iliyo kati: inalowa, inakauka nusu, inalowa tena. Kwa hiyo usianze kukagua chini ambako kila mnunuzi anainama. Kagua juu, kwenye kingo za ubavu, chini ya mabenchi, nyuma ya omo mahali majani na magamba ya samaki yanapojikusanya, na kila mahali taruma, ule ubavu wa ndani unaoshikilia mbao, linapogusana na mbao ya ubavu.

Zana ya ukaguzi ni bisibisi na mpini wa nyundo. Gonga. Mbao nzima hujibu kwa sauti kali, iliyooza hujibu kwa sauti butu. Palipo na sauti butu choma kwa bisibisi, ukiona inaingia bila kusukumwa, chora alama kwa chaki. Usiishie pale ulaini unapokwisha, maana ukungu huwa umeshatangulia mbele ya macho yako. Endelea kuchoma hadi mbao ikatae, halafu ongeza upana wa kiganja.

Ziwani tuna desturi moja ninayoipinga waziwazi. Mshono ukianza kuvuja, watu hukata debe, wakapigilia ukanda wa bati juu ya mshono, wakaendelea na uvuvi. Kwa dharura ya wiki moja sina ugomvi nayo. Ikiachwa miaka, bati huficha maji nyuma yake na misumari yake midogo hupeleka kutu ndani ya mbao. Kwenye mashua yangu niling'oa ukanda wa bati uliokuwa umepakwa rangi nzuri ya bluu. Nyuma yake mbao ilitoka kwa vidole kama michembe ya viazi iliyolowekwa usiku kucha.

Mzee mmoja wa Ukerewe aliyezeekea kwenye kazi hii alikuwa amesimama karibu, akiangalia ninavyosita na msumeno mkononi.

"Shikamoo mzee wangu," nikamwambia. "Naona nikikata hapa ubavu wote utabaki wazi."

"Marahaba mwanangu. Uache uwe wazi. Usiihurumie mbao, wahurumie watakaolala humo."

Nilimwelewa mara moja, kwa sababu duarani sheria ni hiyo hiyo. Timba lililooza likifungwa kamba na kuachwa mahali pake ni hatari kuliko pengo, maana pengo utalikwepa, lakini timba utaliegemea.

Kuunga upya

Ukishakata, ndipo utajua una chombo gani. Kama mkuku umeoza kwa sehemu kubwa, acha. Utakuwa unajenga mashua mpya kwa gharama ya mashua mpya, huku ukibeba makosa ya umbo la zamani. Kama mkuku ni mzima na mataruma mengi yako imara, endelea.

Mbao mpya haiungwi kwa kugusanisha ncha na ncha halafu kupigilia kipande nyuma, kama inavyofanyika kwenye ua wa nyumba. Inaungwa kwa mshazari. Ncha zote mbili huchongwa zikawa na mteremko, zikalaliana. Kipimo cha mafundi wengi duniani ni urefu wa mshazari mara 8 ya unene wa mbao, yaani mbao ya sentimita 2.5 inataka mshazari wa sentimita 20. Mshazari mfupi utafunguka chombo kitakapojipinda kwenye wimbi. Viungo vya safu moja visikae juu ya viungo vya safu inayofuata, kwa sababu vikipangana mstari mmoja umeandaa mahali pa kupasukia.

Taruma lililovunjika si lazima litolewe. Mara nyingi nachonga jingine lenye pindo lile lile, nikaliweka ubavuni mwa la zamani na kulifunga kwenye mbao zilizo nzima, juu na chini ya mvunjiko. Natafuta tawi lililopinda lenyewe, kwa sababu nyuzi za mti zikifuata pindo taruma hushika, na ukikata pindo kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi hukatika na taruma hupasuka. Misumari iwe iliyopakwa zinki. Ya chuma kitupu hupata kutu, kutu huvimba, na mbao huanza kufa kuzunguka kila tundu.

Kuhusu aina ya mbao, mvule na mninga ndizo ninazozipenda, na bei zake zinajulikana. Paina ni rahisi, na ukiitumia sehemu za ndani za makazi, mbali na maji, haina neno. Usiiweke chini ya maji ukategemea rangi kuilinda.

Pamba ya nyumbani

Kazi inayotia moyo kuliko zote ni kalafati, kuziba mishono kati ya mbao na mbao. Inahitaji pamba, na sisi tumezaliwa kwenye pamba. Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita ni nchi ya pamba, na sehemu kubwa mno ya pamba ya Tanzania inatoka kanda hii ya magharibi. Nachukua pamba safi isiyo na mbegu, naisokota kwa kiganja juu ya paja hadi iwe uzi mnene wa kadiri ya mshono, kisha naiingiza kwa patasi butu na nyundo ya mbao.

Mkono unatakiwa ujifunze kiasi. Ukigonga kidogo, pamba itatoka na maji. Ukigonga mno, itapita hadi ndani au itatenganisha mbao zenyewe, maana pamba ikilowa huvimba, na mbao nazo huvimba. Mshono uliojaa sawasawa hutoa sauti inayopanda: mapigo ya kwanza mazito, ya mwisho makali. Hapo unasimama. Juu yake unapaka lami au mchanganyiko mwingine wa kufunika ili pamba isiguswe na jua.

Kazi hii naifanya Juni hadi Septemba, mvua zikiwa mbali. Lakini kiangazi kina tabia yake: mbao zikikaa juani zinasinyaa, na mishono hufunguka zaidi ya ilivyokuwa. Kwa hiyo siku ya kuishusha usitishike ikivuja. Isukume kwenye maji ya kina cha magoti, ifunge, iache inywe. Baada ya siku kadhaa mbao huvimba na mishono hufunga. Inayoendelea kuvuja baada ya hapo ndiyo yenye tatizo la kweli.

Uzito, na mawe ya kukataa

Mashua ya kuvulia hubeba mzigo wake na kuushusha. Mashua ya kuishi hubeba nyumba siku zote, na nyumba hupenda kukua kwenda juu: kibanda, paneli ya sola, pipa la maji, zana. Kila kilo iliyo juu inataka uzito mwingine chini kuishikilia. Watu wa ziwa hili hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Meli ya MV Bukoba ilipinduka 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kikapinduka 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara. Kila familia ya mwambao ina jina la kutaja.

Kwa sababu hiyo kibanda changu ni kifupi, naingia kwa kuinama na kukaa, sisimami ndani yake. Maji ya kunywa yako chini kabisa, karibu na mkuku. Na nina farumi, mawe ya kuituliza mashua, yaliyopangwa na kuzuiwa kwa mbao ili yasihame chombo kikilala upande.

Hapa nina onyo kwa wenzangu wa ukanda wa dhahabu. Mawe ya machimbo yanavutia, ni mazito na yanapatikana bure. Mengi yana madini ya salfaidi, yale yanayong'aa kwa rangi ya dhahabu bandia. Yakikaa kwenye maji na hewa hutoa asidi, na asidi hula misumari kutoka ndani. Kibaya zaidi ni kujaza viroba kwa marudio, mchanga uliokwisha kuchenjuliwa. Marudio ya wachimbaji wadogo yana zebaki, na ngama ya mashua ni chumba cha chini cha mahali unapolala na kupikia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na sababu yake ni afya za watu wa aina yetu. Vilevile usichukue pipa lililotoka kwenye uchenjuaji wa sianidi ukalifanya tangi la maji, hata likioshwa mara ngapi na hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Chukua mawe ya kawaida ya mlimani au ya ufukweni.

Kulala juu ya maji

Maisha ya chomboni yana raha zake. Hewa ya usiku ni safi, na mwalo ukichafuka unang'oa nanga. Ila yana masharti ambayo hayasameheki.

La kwanza ni hewa. Usilale na jiko la mkaa ndani ya kibanda kilichofungwa, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na humchukua mtu usingizini. Mimi napikia tezini, mahali pa wazi, na kibanda kina matundu pande mbili ili upepo upite. Matundu hayo hayo ndiyo yanayokausha mbao kwa ndani, kwa hiyo kinachomlinda mtu kinakilinda na chombo.

La pili ni maji yenyewe. Tunaishi juu ya ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na bado maji ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa. Kichocho kinaambukizwa kwenye maji ya kina kifupi yenye konokono, karibu na majani ya ufukweni, hivyo kuoga na kufua huko ni kujitafutia ugonjwa. Na choo kisiingie ziwani. Natumia ndoo yenye mfuniko na majivu, naimwaga nchi kavu kwenye shimo.

La tatu ni kujua upepo. Mchana ardhi hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku ardhi hupoa upesi, upepo hugeuka. Mvuvi wa tanga hutoka na upepo wa alfajiri na kurudi na ule wa alasiri, na mimi nafuata ratiba hiyo hiyo. Pepo hizo za usiku kutoka pande zote za nchi hukutana katikati ya ziwa na kuinua mawingu, ndiyo maana ngurumo zetu kali huja usiku wa manane hadi karibu na macheo. Kwa hiyo silali ziwani wazi. Natafuta ghuba iliyokingwa, natupa nanga mbili, nasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya jua kuzama.

Halafu kuna sheria. Chombo kinatakiwa kukaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na maboya ya kujiokolea yawe yanatosha kila mtu aliyemo. Kisiwa cha Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, usitie nanga huko bila kibali kwa sababu tu ghuba zake ni tulivu.

Kabla hujatoa pesa

Kijana anayetaka kuanza namshauri hivi. Nenda ukague chombo baada ya mvua, ndipo utaona maji yanapotuama. Usilipe kabla hujagonga mkuku kutoka omo hadi tezi. Piga hesabu ya mbao, misumari na tanga, halafu weka kando akiba kwa ajili ya mbao utakazogundua ukishaanza kukata, maana utazigundua. Na fanya kazi ukiwa na fundi mzee kando yako, umlipe.

Hao wazee wanapungua. Serikali imeanza kuwakopesha wavuvi boti za faiba, nami nazikaribisha, zinavua mbali na haziozi. Lakini faiba nayo hupasuka, na kiraka kilichowekwa juu ya faiba iliyolegea hubanduka vilevile. Atakayeitengeneza vizuri ni yule aliyekwisha kujifunza kusaga hadi afike palipo pazima. Vyuo vya FETA, wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi, Nyegezi hapa Mwanza na Mbegani kule Bagamoyo, vinapokea vijana wanaotaka kazi za uvuvi. Ninaomba vijana wa Nkome na visiwani wapelekwe huko, na likizo zao wazitumie mialoni na mafundi wetu, wakiwa na nyundo ya mbao mkononi. Mashua za kuanzia zipo tayari mchangani, na nyingi bado zina mkuku mzima. Zinunuliwe kabla hazijageuzwa kuni.